Mwenye Dhambi Mdogo wa Askerdale

Sikukuu ya Malaika Mikaeli

Mama Amabel, mkuu wetu, amesema hasira zangu nikiziandika zitasumbua watu wachache kuliko nikizimwaga mezani. Amenipa na karatasi. Basi naanza na mvua. Imenyesha mavuno yote, shayiri imeota mizizi ikiwa bado imelala shambani, na mimi, Sista Idonea, mtunza ghala, ndiye ninayetakiwa kuwalisha watawa mpaka Pasaka kwa nafaka iliyovunda.

Wala si mvua peke yake. Ukoo wa Lancaster na ukoo wa York, watu wa damu moja, wanagombea taji mwaka nenda mwaka rudi, na kila jeshi linalopita bondeni kwetu Askerdale linaondoka na ng'ombe. Majira ya kuchipua York wameshinda, kwenye theluji, kwa maiti wasiohesabika, na mfalme wao sasa yuko London. Ninamwombea kanisani kama nilivyoagizwa. Nilimwombea na yule aliyeangushwa. Zizini sijaona tofauti.

Kesho yake

Mvua.

Sikukuu ya Mtakatifu Luka

Leo tumepata mgeni, na mgeni mwenyewe ni balaa.

Alikuja juu ya nyumbu, tope mpaka kiunoni, tumbo limemtangulia. Alipoupita msalaba wa jiwe wa upande wa mto alishuka, akaenda moja kwa moja kanisani, akaweka mkono juu ya altare na kuomba hifadhi. Ndiyo sheria. Anayekimbia hakimu akishaigusa altare yetu, ndani ya misalaba minne ya jiwe inayozunguka nyumba yetu hakuna anayeruhusiwa kumkamata, hata mfalme.

"Nani anaomba?" Mama Amabel akauliza.

"Elinora, mjane wa Bwana wa Holderby. Pamoja na mfalme wa Uingereza."

Mama Amabel akachungulia nyuma yake, mlangoni. "Mfalme yuko wapi, Bibi?"

Mwanamke akajishika tumbo.

Mumewe alikuwa wa damu ya Lancaster, mjukuu wa mfalme, akafa kwenye ile theluji. Huyo aliye tumboni, akiwa wa kiume, ndiye wa mwisho katika tawi lao. York watamtaka. Watoto wa namna hiyo hupelekwa kwenye Mnara wa London, na mimi sijawahi kusikia aliyetoka humo akiwa na ndevu.

Siku mbili baadaye

Bibi Elinora amerudisha supu jikoni. Ati ina mchanga.

Nimeipeleka mwenyewe mara ya pili. "Bibi, mchanga huo ni wa Askerdale. Ukikaa hapa utauzoea."

"Mama wa mfalme hali mchanga."

"Basi mama wa mfalme atalala njaa, na mfalme naye atalala njaa humo ndani."

Amekula. Amenitazama muda wote kama mtu anayeniwekea deni, lakini amekula.

Siku ya Marehemu Wote

Wamefika. Wapiga mishale wa York wamepiga mahema nje kidogo ya msalaba wa mto. Mkuu wao ni Bwana Fulk Thirlby, mtu wa kaskazini, mkubwa kama mlango, mwenye kikohozi. Ameandamana na Kanoni Alban, mwanasheria wa kanisa, mwenye kanzu nzuri mno kwa njia zetu. Bwana Fulk alivua kofia akaniambia hawatavuka mawe. Kanoni akaongeza, "Kwa sasa."

Sikukuu ya Mtakatifu Martini

Tumechinja nguruwe. Mmoja alikata kamba akakimbilia kwenye mahema, nikajua tumempoteza, maana sijawahi kuona askari akirudisha nyama. Bwana Fulk alimleta mwenyewe, kambeba begani, nguruwe anapiga kelele na yeye anakohoa.

"Wako huyu, Sista?"

"Wangu. Sikutegemea."

"Nilitumwa kumchukua mtu mmoja tu," akasema. "Sikutumwa nguruwe."

Nimempa asali ya kifua. Sijui kwa nini nimempa. Yule ni adui wa mgeni wetu, na nikimtazama vizuri anafanana na kaka yangu.

Jumatatu

Mvua. Jibini limeota ukungu.

Sikukuu ya Mtakatifu Katarina

Amezaliwa. Mimi ndiye niliyemzalisha, kwa sababu mkunga wa kijijini aliogopa kupita kwenye mahema. Ni wa kiume, mwembamba, mwekundu, na ana sauti. Bibi Elinora hakupiga kelele hata mara moja. Aling'ata mkanda wa ngozi wa mumewe mpaka meno yakatoboa. Nilipompa mtoto alisema, "Henry. Kama mfalme, babu wa baba yake," kisha akalia, na mimi nikalia naye, nikasahau supu.

Kanoni Alban alisikia kilio cha mtoto kutoka kwenye mawe. Saa ile ile akaita. Mama Amabel akatoka, nami nyuma yake na mikono yenye damu, tukasimama upande wetu wa msalaba nao upande wao.

"Mama Mkuu," akasema Kanoni, "sheria ya hifadhi ni ya mkosaji. Mama ana kosa la uasi, na akae. Mtoto hana kosa lolote. Asiye na kosa hahitaji hifadhi, na asiyeihitaji haipati. Nipeni mtoto."

Alikuwa anasema kweli. Ndivyo sheria ilivyo.

Mama Amabel akauliza, "Kanoni, huyu mtoto amezaliwa sasa hivi. Hajabatizwa. Asiyebatizwa ana dhambi au hana?"

Kanoni akajishughulisha na tope kwenye kanzu yake.

"Jibu, Padri," akasema Bwana Fulk. "Hata mimi najua hilo."

"Ana dhambi ya asili," akasema Kanoni.

"Aliyoirithi kwa nani?"

"Kwa Adamu."

"Na Adamu," akasema Mama Amabel, "hakuwa mkosaji aliyejificha asionekane na hakimu?"

Wapiga mishale wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Kanoni si mjinga. Akangoja wanyamaze, akatabasamu. "Vizuri sana. Kumbe mtoto ni mwenye dhambi. Basi tumbatize. Padri wenu alikufa kiangazi, mimi nipo. Akitoka majini ni safi, hana kosa hata moja, na mimi namchukua."

Hakuna aliyecheka tena. Kwetu mtoto hubatizwa siku ile ile anayozaliwa. Nani anaweza kusema ngoja?

Mama Amabel alisema ngoja. Alisema mtoto wa kiume anatakiwa kuwa na msimamizi mwanamume wa kumpokea kutoka majini, na sisi watawa sheria inatukataza. Tutafutieni msimamizi, alisema. Akageuka akarudi ndani.

Siku iliyofuata

Kanoni ameleta wapiga mishale watatu wawe wasimamizi. Mama Amabel amesema msimamizi lazima ajue sala zake. Hilo nalo ni sheria. Wakasimama kwenye mvua wakasali Nasadiki, sala ya imani, mmoja mmoja. Wa kwanza alimzika Pontio Pilato na kumfufua siku ya tatu. Wa pili alikwama kwenye "Baba Mwenyezi." Wa tatu alianza kuimba wimbo wa kilabuni, kwa unyenyekevu wote, akidhani ndiyo sala.

"Ninyi ni Wakristo au ni bata?" Kanoni akawafokea.

Nyuma yao Bwana Fulk alikuwa akiisema Nasadiki kimyakimya, midomo inacheza, hakosei neno. Kanoni hakumtaja yeye hata kidogo. Nimelala nikijiuliza kwa nini. Nadhani najua. Anayempokea mtoto kutoka majini huwa baba yake mbele ya Mungu. Hawezi hata kumwoa mama wa mtoto. Anaapa kumlinda na moto, maji na kila hatari. Mpiga mishale akiwa baba wa ubatizo, bado atafanya anavyoamriwa. Mkuu wa kikosi ni jambo jingine: yeye ndiye anayeamuru.

Sikukuu ya Mtakatifu Andrea

Wapiga mishale wanafundishwa Nasadiki. Naisikia kutoka ghalani asubuhi mpaka jioni. Wanaendelea vizuri, Mungu anisamehe, na mimi nasikitika.

Jumatano

Mmoja amefika mpaka "akashuka kuzimu."

Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi

Kanoni amechoka kungoja. Ameondoka kwenda kwa askofu kuleta amri ya kutulazimisha. Kabla ya kuondoka alimwambia Bwana Fulk, mbele yangu, "Wewe usiingie mle ndani. Usimguse yule mtoto kwa namna yoyote mpaka nirudi." Bwana Fulk akasema ndiyo. Nimefurahi jinsi alivyoona uzito kusema ndiyo.

Mtoto anakohoa.

Ijumaa

Kikohozi kimeshuka kifuani. Nimempaka mafuta ya bata. Hanyonyi vizuri. Bibi Elinora hampi mtu yeyote amshike, anatembea naye chumbani huku na huku, anamwambia majina ya ngome atakazorudishiwa. Leo nimemwambia la kweli.

"Bibi, tumbatize."

"Akibatizwa watamchukua."

"Asipobatizwa na akafa, atazikwa nje ya uzio kama mbwa, na uso wa Mungu hatauona. Nitambatiza mimi mwenyewe. Mtu yeyote anaweza, kama kifo kiko karibu."

"Hafi."

"Bibi."

"Nimesema hafi! Nilimkimbiza kupita majeshi mawili nikiwa naye tumboni. Hafi kwa kikohozi." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo, "Idonea, yule Kanoni hatakuwa na la kusema kama tutamficha ubatizo?"

Nikamwambia tutakuwa tumesema uongo juu ya altare, na Mama Amabel hatasema uongo. Hilo ndilo linalotulinda sote: kwamba wanaamini maneno yake. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikimwona mwenye majivuno. Leo naona ni mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu mikononi, ndiyo sababu anakishika kwa nguvu.

Sikukuu ya Mtakatifu Lusia

Nimeweka chungu cha maji ya moto karibu nami na ninaandika.

Asubuhi midomo ya mtoto iligeuka rangi ya zambarau. Nilimchukua kutoka kwa mama yake, na mara hii hakunizuia, tukashuka kanisani wote, Mama Amabel mbele. Mlio wa kengele ulimleta Bwana Fulk kwenye mawe. Aliuliza kuna nini. Mama Amabel akamwambia mtoto anakufa na tunakwenda kumbatiza.

"Kanoni ataniambia ni ujanja wenu," akasema.

"Basi njoo uone kwa macho yako. Acha upanga."

Akaufungua upanga akamkabidhi mtu wake. Alivuka jiwe kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

Kwenye jiwe la ubatizo nilitazama mikono iliyokuwepo. Yangu ilikuwa ya kumwaga maji. Mama Amabel ni mtawa, haruhusiwi kumpokea. Bibi Elinora ni mama yake, haruhusiwi pia. Sikupanga. Nasema hivyo na Mungu anajua kama nimedanganya. Nilimgeukia yule mtu mkubwa na kumwambia, "Mpokee."

Hakusogea. "Unajua unaniomba nini, Sista?"

"Najua. Na wewe unajua. Na mtoto anasikia baridi."

Kisha akavua glavu, moja, halafu nyingine, akazichomeka kwenye mkanda.

"Jina lake?" nikamuuliza, kwa sababu anayempokea mtoto ndiye anayelitaja.

"Henry!" akasema Bibi Elinora.

"Hapana," akasema Bwana Fulk. "Henry ni jina la mtu anayedai taji. Nikimpokea Henry, nimesimama na Lancaster, na watanikata kichwa mimi na yeye pamoja. Nikimpokea Fulk, nimempokea Fulk."

"Fulk! Nilikuwa na farasi jina lake Fulk."

"Alikuwa farasi mzuri, Bibi?"

"Aliuma watu."

"Enyi wawili," nikapiga kelele, kanisani, mbele ya Sakramenti, "mtoto hapumui!"

Bibi Elinora akamtazama mwanawe. Nilimwona akiziacha zile ngome moja moja usoni mwake. "Mwaga maji," akasema.

Nikamwaga. Fulk, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yalikuwa ya kuganda. Mtoto akashtuka mwili mzima, akakohoa donge la makohozi kwenye sikio langu, na akalia kwa hasira kubwa mno. Sijasikia kitu kizuri kama kilio hicho. Bwana Fulk akampokea kwa kitambaa, akamfunga, akaapa yale maneno ya moto na maji na kila hatari, na mtoto akamkojolea mkono.

"Sasa hana dhambi," akasema Mama Amabel. "Hifadhi yetu imekwisha juu yake. Ni wewe tu uliyebaki."

Jumatatu

Ananyonya. Mvua imekatika.

Jumatano ya mfungo

Kanoni amerudi na muhuri wa askofu. Alipoambiwa yaliyotokea akageuka mweupe, kisha mwekundu.

"Nilikuambia usimguse!"

"Alikuwa anakufa," akasema Bwana Fulk.

"Ungemwacha afe! Mfalme angekulaumu nini?"

Wale wapiga mishale, waliojifunza Nasadiki wiki mbili nzima, walimtazama Kanoni kwa macho ambayo nisingependa kutazamwa nayo.

"Yule ni mwanangu mbele ya Mungu," akasema Bwana Fulk. "Siwezi kumpeleka Mnarani. Mfalme aliniagiza nihakikishe hatakuwa na mshindani katika mtoto huyu. Nitahakikisha. Nyumba yangu iko mbali, ina kondoo na upepo, hakuna mtu anayekwenda huko kutafuta mfalme. Mama yake aape kwenye altare kwamba mtoto hatadai kitu, na aje amlee kwangu."

"Na akikataa?"

Bwana Fulk akakohoa. "Akikataa nitamchukua mtoto peke yake. Mama atabaki hapa na hifadhi yake. Hilo nalo nimeapa kulifanya, nikilazimika."

Nilimpelekea Bibi Elinora maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yake alifia taji hilo," akasema. "Watu wetu wote wamelifia. Nikiapa, nimewaambia walikufa bure."

Nilitaka kumwambia ndiyo, walikufa bure, wao na wa York pia, na shayiri yangu imeoza kwa ajili yao. Nilinyamaza, jambo ambalo dada zangu hawataliamini. Nilimchukua Fulk mdogo nikambeba begani acheue.

Bibi Elinora akasema, "Nitakwenda mwenyewe kwa miguu. Sitaki kubebwa na farasi wa York."

Sikukuu ya Mtakatifu Tomaso

Ameapa. Aliweka mkono pale pale alipouweka siku aliyofika, na maneno aliyatamka yote, wazi, bila kunong'ona. Mama Amabel ameniambia nisilie, akageuka mwenyewe akajifuta uso.

Nimewafungia jibini, asali, na mafuta ya bata. Nilimwambia Bibi Elinora ampake kifuani kila jioni, na mgongoni, na asimwogeshe kukiwa na upepo. Nilisema mara nne. Akanibusu shavuni, akaniambia supu yangu ina mchanga.

Kanoni alikuwa akingoja kwenye msalaba wa mto, kalamu mkononi, na waandishi wawili kando yake. Alitaka mambo yaandikwe ili asilaumiwe na mtu.

"Mtaje mtoto mbele ya mashahidi," akasema.

Bibi Elinora alisimama upande wetu wa jiwe, mtoto kifuani, tope limefunika viatu. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma. Kutoka hapo mkono wa Kanoni ungeweza kumfikia akivuka. Nilimwona Bwana Fulk akisogea, akasimama katikati.

"Fulk," akasema Bibi Elinora.

"Mwana wa nani?"

"Mwanangu mimi."

"Na baba yake? Na babu yake? Sema ukoo."

Alikuwa mwanamke ambaye angekutajia babu zake tisa ukimuuliza saa ya kula. Nilimsubiri aanze. Hata wapiga mishale walimsubiri.

"Baba yake wa ubatizo ni huyu hapa," akasema. "Hao wengine wamekufa."

Akaupita msalaba kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna mkono uliomgusa.